KUFULI NA UFUNGUO

Juma lililopita nilikuwa katika kijiji kimoja cha Bariadi, nikakaa kivulini nje ya zahanati pamoja na akina mama waliowaleta watoto wao kupimwa uzito. Mama mmoja akaja akaketi karibu nami. Tuliamkiana, akanyamaza kitambo, kisha akasema: “Baba, wewe huandika mambo ya afya katika gazeti. Nieleze neno moja. Mtoto akishapona surua, tena akishaanza kucheza na wenzake, yawezekanaje afe kwa ugonjwa mwingine?”

Nikamwambia, “Mayu, nieleze yote tangu mwanzo.”

Akanieleza. Dada yake alikuwa na mtoto wa miaka miwili. Wakati wa kuvuna pamba mtoto akashikwa na surua. Homa ikapanda, macho yakawa mekundu, vipele vikamtoka toka usoni hata miguuni. Baada ya siku kumi hivi vipele vikafifia, ngozi ikachubuka kama pumba, mtoto akaomba uji. Nyumba nzima ikafurahi. Lakini juma la tano mtoto akaanza kukohoa, pumzi ikawa ya haraka, mbavu zikawa zinaingia ndani. Kabla hawajapata baiskeli ya kumpeleka hospitali, alikuwa amekwisha fariki.

“Sasa, baba,” akasema yule mama, “watu wakanena: surua ilikwisha kuondoka, basi hili ni jambo la mtu. Jirani kuna bibi mzee, mjane, macho yake mekundu. Wakaanza kumtazama. Yule bibi alipoona vile alihama usiku, akaenda kwa mwanawe kijiji kingine. Mpaka leo hajarudi. Nami nauliza: je, surua yaweza kuua hali imekwisha ondoka?”

Nilimjibu kwa kifupi palepale kwamba ndiyo, yaweza. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyefiwa, wala halimrudishi bibi nyumbani kwake. Basi nikamwahidi kwamba nitaandika kwa urefu, ili yeye na wengine wapate kusomewa jioni motoni. Haya ndiyo niliyomwahidi.

MWIZI ASIYE NA MIKONO

Surua huletwa na kirusi. Kirusi ni kitu kidogo mno. Ukivipanga virusi vya surua mia kadhaa kwa mstari mmoja, havitimizi unene wa unywele wa kichwa chako. Hakili, hakipumui, hakitembei. Kikiwa peke yake hakiwezi hata kuzaa. Ndani yake mna maagizo machache tu yaliyoandikwa kwa namna ya viumbe, na maagizo hayo yasema neno moja: “Nitengenezee wenzangu.”

Lakini nani atamtengenezea? Mwili wetu umejengwa kwa chembe hai nyingi mno, zile ambazo watoto wa shule huziita seli. Kila chembe ni kama nyumba yenye ukuta, na ndani yake mna jiko, ghala na mafundi wanaofanya kazi usiku na mchana. Kirusi kikipata kuingia ndani, huwapa mafundi wale maagizo yake, nao bila kujua huacha kazi ya mwenye nyumba wakaanza kutengeneza virusi. Basi shida ya kirusi ni moja tu: kuingia. Hakina mkono wa kubomoa ukuta, wala jino la kutoboa. Lazima apatikane mlango.

Na milango ipo. Juu ya ukuta wa kila chembe kuna vitu vidogo vya namna nyingi, ambavyo wataalamu huviita vipokezi. Kazi yake ni njema: kwa njia ya vipokezi chembe hupata chakula, hupokea habari, hushikamana na chembe jirani. Vifananishe na kufuli mlangoni. Kila kufuli ina umbo lake, na hufunguka kwa kitu chenye umbo la kuifaa.

Kirusi kimezungukwa na vijiti vidogo vilivyochomoza nje kama miiba ya nungunungu. Ncha ya kijiti ndiyo ufunguo. Kirusi kikisukumwa na pumzi au damu hata kikagusa chembe ambayo kufuli yake haifai, hakuna neno litakalotokea; kitateleza na kwenda zake. Lakini kikigusa kufuli inayolingana na ufunguo wake, hapo hunasa. Surua ina vijiti vya namna mbili. Cha kwanza hushika kufuli. Kikishashika, humshtua wa pili, naye hujikunjua kama mtego wa panya, akachoma ukuta wa chembe na kuuvuta mpaka ngozi ya kirusi na ngozi ya chembe zikaungana kuwa kitu kimoja. Hapo maagizo humwagika ndani. Mwizi amekwisha ingia.

Ndiyo maana maradhi hayashiki kila kiumbe wala kila kiungo. Maradhi ya minazi hayamshiki mtu. Kirusi cha UKIMWI kina kufuli yake katika chembe nyeupe za damu, na kirusi cha korona, kile kilichotutisha tangu mwaka 2020, kina kufuli nyingine katika njia ya pumzi. Kila mwizi na ufunguo wake.

NDUGU WANNE WA UKOO MMOJA

Sasa nataka kuwaonyesha jambo ambalo sisi wa Usukumani, watu wa ng’ombe na mbuzi, tutalielewa upesi kuliko watu wa mjini. Surua haiko peke yake. Ina ndugu, nao ndugu hao wamepita katika mazizi yetu na katika mbuga iliyo jirani yetu.

Ndugu wa kwanza ni sotoka ya ng’ombe. Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao habari za sotoka kuu. Iliingia Afrika kwa upande wa Eritrea miaka ya 1887 na 1888, ikashuka kusini, na kati ya mwaka 1890 na 1892 ikapita Afrika ya Mashariki kama moto wa nyikani. Katika sehemu nyingi, katika kila ng’ombe kumi walikufa wanane au tisa. Nyati na nyumbu nao walikufa kwa wingi. Watu walipokosa maziwa, nyama na ng’ombe wa mahari, njaa ikafuata.

Ndugu wa pili ni sotoka ya mbuzi na kondoo. Hii ilithibitishwa katika Tanzania ya kaskazini mwaka 2008, na mpaka sasa ingali inasumbua wafugaji.

Ndugu wa tatu ni maradhi ya mbwa yaitwayo distempa. Mbwa hutoka kamasi, huharisha, hutetemeka, kisha huanguka kifafa. Wengi huyachanganya na kichaa cha mbwa, lakini ni maradhi mengine.

Ndugu wa nne ni surua ya binadamu. Wataalamu waliolinganisha maagizo ya virusi hivi wameona kwamba surua na sotoka ya ng’ombe zilitoka katika mzazi mmoja, nao wanakadiria kwamba zilitengana yapata miaka 2,500 iliyopita. Maana yake, yaelekea binadamu alipata surua kwa kuishi karibu na ng’ombe, zamani sana, kabla ya mababu wa mababu zetu.

Mnaniuliza, ndugu hawa wanafanana nini? Wanafanana ufunguo. Mwaka 2000 wataalamu wa Kijapani waligundua kufuli ambayo surua huitumia: ni kipokezi kilicho juu ya chembe nyeupe za damu, zile ambazo ni askari wa mwili. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba sotoka ya ng’ombe na distempa ya mbwa nazo hutumia kufuli ileile, kila moja katika mnyama wake. Kufuli ya ng’ombe na ya mbwa zatofautiana kidogo na ya mtu, kama vile kufuli mbili za fundi mmoja. Kwa sababu hiyo distempa ya mbwa wako haitampa mtoto wako surua. Lakini mahali pa kufuli ni palepale, nalo ni jambo zito. Fikirini: mwizi wa kawaida huingia nyumba ya raia akaogopa polisi. Ukoo huu huingia kwanza katika kituo cha polisi chenyewe.

HABARI YA SIMBA

Mkoa wetu wa Simiyu unapakana na hifadhi ya Serengeti. Mwaka 1994 watu waliokuwa mbugani waliona jambo la ajabu. Simba walikuwa wanatetemeka, wanaanguka kifafa, wanakufa. Wakati ule simba wa Serengeti walihesabiwa kuwa kama 3,000. Katika muda mfupi walikufa kama 1,000, yaani theluthi moja. Fisi nao walikufa. Walipopimwa, ilionekana kuwa ni distempa, maradhi ya mbwa. Kufuli ya simba yafanana na ya mbwa kiasi cha kutosha ufunguo kuingia. Nao mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi, wale wanaowafuata vijana wetu machungani, walidhaniwa kuwa ndio chanzo.

Lakini kulikuwa na fumbo. Wataalamu walipochunguza damu za simba zilizohifadhiwa tangu zamani, waliona kwamba distempa ilikwisha wapitia simba hao mara nyingine, wala hawakufa. Kwa nini mwaka 1994 walikufa? Jibu lilitolewa mwaka 2008. Mwaka 1993 palikuwa na ukame mkali. Nyati walidhoofika, wakajaa kupe. Simba wakawala nyati hao, nao wakapata kupe wengi na vijidudu vya damu vinavyoletwa na kupe. Simba mwenye askari wake wazima angeweza kuvizuia vijidudu hivyo. Lakini distempa ilipofungua milango ya askari na kuwalaza, vijidudu vya kupe vikajaa damuni bila kizuizi, wakafa.

Angalieni basi. Kirusi kilifungua lango, na adui mwingine akaingia nyuma yake. Wakati mwingine yule wa nyuma ndiye aliyeua. Je, hamwoni kwamba habari ya simba ni habari ya yule mtoto wa Bariadi?

JINSI SURUA INAVYOMTENDA MTOTO

Tuifuate surua hatua kwa hatua.

Mtu mwenye surua akikohoa, virusi hubaki hewani hata kwa saa mbili. Mtoto mwingine akiingia katika nyumba ile, ajapokuwa yule mgonjwa amekwisha ondoka, aweza kuvivuta kwa pua. Katika watoto kumi wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, tisa watashikwa. Ni maradhi machache sana duniani yanayoambukiza upesi kama haya.

Ndani ya mapafu kuna askari wa doria, chembe nyeupe zinazomeza uchafu na vijidudu. Hao wanayo ile kufuli. Kirusi hunasa kwao, huingia, nao bila kujua humbeba adui mpaka katika matezi, mahali askari wote wanapokutana. Huko askari wengi wanayo kufuli. Kirusi huzaana kwa siku nyingi, na mtoto bado anacheza, mama hajui kitu. Baada ya siku kumi hivi homa huanza, kisha mafua, macho mekundu, na baadaye vipele.

Sasa kirusi kinataka kutoka kwenda kwa mtoto mwingine. Hapa hutumia kufuli ya pili, iliyogunduliwa mwaka 2011. Hii imo katika chembe zinazotandaza njia ya pumzi, nayo kazi yake ni kuzishikamanisha chembe zile pamoja. Tena haikuwekwa upande wa hewa, bali upande wa ndani. Ndiyo kusema kirusi hakiingii kwa mlango huo kikitoka nje. Huufikia kutoka ndani, kikiwa kimebebwa na askari, kisha hutokea upande wa koo na kukoholewa nje. Huingia kwa mlango wa mbele, hutoka kwa mlango wa uani.

Lakini baya lililo kubwa ni hili. Miongoni mwa askari wetu kuna wazee wa kumbukumbu. Mtoto akiugua kikohozi fulani leo akapona, wazee hao huweka sura ya adui yule, na akirudi mwaka ujao humtambua mara moja. Basi wazee hao wa kumbukumbu wanazo kufuli nyingi za surua kupita wengine. Surua huwaua wao hasa. Mtoto akipona, mwili wake huwa umesahau maadui wengi aliokwisha washinda. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019, wataalamu walipima damu za watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuchanjwa, kabla na baada ya surua. Waliona kwamba watoto wale walipoteza kati ya asilimia 11 na asilimia 73 ya kinga walizokuwa nazo juu ya maradhi mengine. Uchunguzi mwingine waonyesha kwamba usahaulifu huo waweza kudumu miaka miwili hata mitatu.

Mayu, hili ndilo jibu la swali lako. Mtoto wa dada yako alipona vipele, lakini askari wake walikuwa wamelala na wazee wa kumbukumbu wamekufa. Kichomi kilikuta lango wazi. Hakikuletwa na mtu. Surua iliondoka machoni, kazi yake ikabaki.

UFUNGUO ULIOZIBWA KWA NTA

Mtu atasema, “Ikiwa ni hivyo, tufanyeje? Kufuli hatuwezi kuing’oa.” Kweli, hatuwezi, wala haifai, maana askari wanaihitaji kwa kazi yao. Lakini twaweza kuuharibu ufunguo.

Chukua ufunguo wa mlango wako, uupake nta mpaka meno yote yazibwe. Je, utaingia? Hautaingia. Ndivyo ifanyavyo chanjo. Mwaka 1954 madaktari wa Boston, Marekani, walichukua kirusi cha surua kutoka kwa mvulana wa shule, wakakilea muda mrefu mpaka kikadhoofika kisiweze kuleta ugonjwa. Chanjo iliyotokana nacho ilianza kutumika mwaka 1963. Mtoto akichanjwa, mwili huona miiba ya kirusi kile dhaifu, hujifunza umbo lake, kisha hutengeneza kinga zinazoganda juu ya ncha ya ufunguo kama nta. Kirusi kikali kikija baadaye hukuta meno yake yamezibwa kabla hakijagusa mlango.

Wengine huuliza kwa nini chanjo ya zamani vile ingali inafaa, ambapo ile ya mafua hubadilishwa kila mwaka. Ni kwa sababu kirusi cha mafua huweza kubadili sura ya miiba yake na bado kikaingia. Surua haiwezi kubadili meno yale yanayoshika kufuli. Ikiyabadili, inakosa mlango wake. Ufunguo wake ndio nguvu yake, tena ndio udhaifu wake.

Na kwamba chanjo yashinda ukoo huu, sisi ni mashahidi. Karibu na mwaka 1960, Walter Plowright na wenzake walitengeneza huko Muguga, Kenya, chanjo nzuri ya sotoka ya ng’ombe. Ng’ombe waliozunguka Serengeti wakachanjwa. Mnajua nini kilitokea? Nyumbu, ambao hakuna aliyewachoma sindano hata mmoja, nao wakapona. Kwa kuwa ng’ombe hawakuwa tena na maradhi ya kuwapa, sotoka ikatoweka kwa nyumbu, na ndama wao wakaacha kufa. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo milioni. Kufikia mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni moja. Na mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka ya ng’ombe imekwisha duniani kote. Ni maradhi ya pili kufutwa na binadamu, baada ya ndui iliyotangazwa mwaka 1980.

Kwa mbwa na simba habari haijaisha. Baada ya msiba wa mwaka 1994 mbwa wa vijiji vilivyo karibu na hifadhi walichanjwa, na distempa ikapungua kwa mbwa. Lakini simba wameendelea kuambukizwa, maana yaonekana wanyama wengine wa porini nao hubeba kirusi hicho. Hata hivyo, mbwa wako akiitiwa chanjo, mpeleke. Kichaa cha mbwa peke yake ni sababu ya kutosha.

NENO KWA WAZAZI

Baba mmoja alikuwa akisikiliza mazungumzo yetu pale kivulini. Akasema, “Mimi wangu alichanjwa miezi tisa. Sasa wanasema arudi miezi kumi na minane. Njia ni ndefu, na pamba inataka palizi. Si amekwisha chanjwa?”

Nilimwambia hivi. Mtoto mchanga huzaliwa na kinga kidogo aliyopewa na mama yake, na kinga hiyo wakati mwingine huizuia chanjo isishike vizuri. Katika watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi tisa, kama 85 hupata kinga. 15 hawapati, nawe huwezi kujua kwa macho kama wako ni wa fungu lipi. Chanjo ya pili huwakamata karibu wote waliobaki. Nayo haimlindi wako tu. Palipo na watoto 95 wenye kinga katika kila 100, surua hukosa njia ya kupita, hata mtoto mchanga wa miezi minne ambaye bado hajachanjwa hulindwa na wenzake, kama nyumbu walivyolindwa na ng’ombe. Palizi ya siku moja yaweza kungoja.

Yule baba alikuna kidevu, akasema, “Ng’ombe wangu nawapeleka kila wakiitwa.” Wala hakuongeza neno. Nasi hatukuongeza.

Ikiwa surua imekwisha ingia nyumbani, shikeni haya:

Kwanza, mpelekeni mtoto zahanati mapema. Hakuna dawa ya kukiua kirusi cha surua, lakini mganga atampa vitamini A siku mbili mfululizo. Mwaka 1987 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania, katika hospitali ya Mvumi, Dodoma. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa mafungu mawili. Katika 88 waliopewa vitamini A walikufa 6. Katika 92 waliotibiwa kwa kawaida tu walikufa 12. Tofauti ilionekana zaidi kwa walio chini ya miaka miwili. Vitamini A huyalinda macho pia, maana surua imewapofusha watoto wengi.

Pili, msimtie mtoto dawa ya majani machoni, wala maziwa, wala kitu kingine chochote ila alichoagiza mganga. Macho ya mgonjwa wa surua ni dhaifu sana.

Tatu, msimnyime maji wala chakula. Anyonye, anywe uji, ale mboga za majani, maembe na viazi vitamu vya rangi ya njano vikipatikana.

Nne, mtengeni na watoto wengine mpaka siku nne zipite tangu vipele vilipotokea. Hata siku nne kabla ya vipele alikuwa anaambukiza, kwa hiyo waangalieni vizuri wenzake.

Tano, na hili ndilo nililotaka lisomwe kwa sauti: vipele vikiisha msiseme “amepona” mkaacha kumtazama. Kwa miezi mingi mlindeni kama mtoto mchanga. Akikohoa na kupumua upesi, mbavu zikiingia ndani, akiharisha, akikataa kunyonya, akishikwa na degedege, nendeni siku ileile. Kichomi kina dawa, na kikiwahiwa hutibika.

MWISHO

Nabaki na bibi yule mjane. Watu walisema macho yake ni mekundu. Mimi nimeingia katika nyumba nyingi za Usukumani ambamo mama hupika kwa samadi kavu na mabua ya pamba, katika jiko lisilo na dirisha, miaka arobaini, hamsini. Macho gani hayatakuwa mekundu? Bibi huyo alipikia watoto wake na wajukuu wake, na moshi ndio mshahara wake. Katika mkoa huu na ya jirani wazee wa namna yake wamekwisha pigwa na hata kuuawa kwa ajili ya mtoto aliyekufa, na kifo kile kilikuwa na sababu ambayo yeyote aweza kuijua.

Kirusi hakina macho mekundu. Hakina jirani wala kinyongo. Kina ufunguo tu, na kilipokuta kufuli kiliingia, kikawaacha wengine waingie nyuma yake. Mayu, mwambie dada yako hivyo, pole pole, maana kidonda chake bado kibichi. Msiba ni wake, nasi tunampa pole. Kisha atafutwe mtu mwenye heshima kijijini, aende kule kwa mwanawe bibi, akamwambie kwamba nyumba yake ingali yake.

Nanyi wasomaji, leo jioni itoeni kadi ya kliniki ya kila mtoto mahali mnapoificha, mkaangalie mstari wa surua. Chanjo ziko mbili. Kama ya pili haijaandikwa, hata ikiwa miezi kumi na minane imekwisha pita, mwende mkaulize. Kwa herini, mpaka juma lijalo.